Mkono wa Gitaa la Jeannot

Ko-ko-ko, kitu kiligonga chuma kwenye viti vya nyuma vya taksibasi iendayo mtaa wa Karavia, mpaka mama mmoja akamgeukia kijana aliyepakata mfuko mrefu. "Petit, mufuko yako iko na kuku ndani?"

"Iko gitare, mama. Minaenda kupiga surf!" Mutale alipaza sauti ili basi zima lisikie, akaeleza kuwa surf ni muziki wa gitaa wa watu wa ufukweni, nota zake huyumba kama maji.

Mama huyo, Feza, mpiga gitaa wa bendi ya harusi, alifungua mfuko bila kuomba ruhusa. "Muchaguzi alijua kazi. Hii njo gitare ya surf, sauti yake inalia kavu, na iko na mukono ya kuyumbisha nyuzi. Mukono iko wapi?"

"Niliikata na musumeno. Ilikuwa inanizuia kwa sebene, pale gitare inakimbia mbio watu wacheze."

Abiria wakaangua kicheko. "Ulikata bahari, petit!" Feza akasema. "Sasa maji itayumba na nini?"

"Na vidole!"

"Vidole inavuta uzi moja. Mukono inayumbisha yote."

Mutale akainama kwa aibu. Gitaa lilikuwa la kaka yake mkubwa, Jeannot, aliyelichagua kwa ajili ya mkono ule, na sasa alikuwa akimngoja jukwaani. Simu ikalia; alikuwa Jeannot, yaya yake, kama alivyozoea kumwita kaka huyo. Basi likasimama.

"Yaya, nafika. Ile mukono haikuanguka yenyewe vile nilikuambia. Nitakuonyesha penye nilikata, mbele ya bendi yote."