Efraín Ashtakiwa kwa Wazo Lake Mwenyewe

Kijiwe chetu kiko Sunnyvale, kwenye ukuta mfupi kando ya maegesho, pale gari la kahawa linaposimama. Sisi ni wahandisi wa programu, na domo tunalo kuliko kazi. Yupo Dale, tunayemwita Mabamba, maana kila hataza anayosajiliwa, yaani hati kwamba wazo fulani kalivumbua yeye na wengine wasilitumie bila ruhusa, huitundikia bamba la shaba ukutani. Yupo Hanh, Dada Wasiwasi. Asubuhi hiyo Efraín, mwenye kampuni yake ya watu watatu, akaja uso umemshuka. Wakili kampigia simu: programu yake, wanayoitumia wauguzi wa majumbani, imeingilia hataza ya watu. Aizime kufikia Ijumaa, la sivyo mahakamani.

— Kosa lenyewe nini? nikamuuliza.

— Mtandao ukikatika, programu inahifadhi alichoandika muuguzi. Ukirudi, inakituma.

— Ala! Mabamba nusura amwage kahawa. Si kila mtu anafanya hivyo?

— Kila mtu, kaka. Ila aliyepigiwa simu ni mimi.

— Kesho watasajili kusubiri, Hanh akadakia. Ukikaa tu kituo cha basi, wakili huyo!

— Kusubiri? Watasajili kupumua! Kuvuta bure, kutoa unalipia.

— Wewe Mabamba nyamaza, una ukuta mzima!

— Zangu za kujilinda, dada, nikishtakiwa nami nishtaki. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba gani? Huo mrundo wa mawe, unangoja jirani akurushie lake!

Mabamba akamgeukia Efraín.

— Hukuwa umeisoma hiyo hataza, lakini?

— Niisome nina wazimu? Si mawakili wametukataza? Ukiisoma kisha ukaiingilia, unalipa fidia mara tatu.

— Safi! Usilolijua ni usiku wa giza, na usiku ni wa kulala.

— Ngojeni, hamjasikia. Wakili kanisomea jina la mvumbuzi.

— Nani huyo mshenzi?

— Mimi.

Hanh alishika kichwa. Kumbe hataza ilikuwa mali ya kampuni iliyomwajiri Efraín zamani; kampuni ilipokufa, hataza zake zilipigwa mnada, akazinyakua mtu asiyewahi kuandika hata mstari mmoja wa programu.

— Iliandikwa na wakili wa ofisi ile, Efraín akasema. Mimi nilitia sahihi wakati wa chakula cha mchana. Tukakata keki.

Petra, aliyeanza kazi ofisini kwa Hanh Jumatatu na kuja naye kijiweni, akainua mkono.

— Samahanini, mimi mgeni. Si uende ukawaeleze mahakamani? Mvumbuzi ni wewe. Ulivumbua nini hasa?

Efraín akaitafuta hataza yake kwenye simu, akaisoma kwa mara ya kwanza maishani mwake.

— “Chombo cha kwanza, kikiwasiliana na chombo cha pili kwa namna moja au zaidi...”

Akarudia. Akarudia tena, sauti ikififia.

— Mabamba, wewe unazo nyingi. Hapa nimevumbua nini?

— Mimi? Mabamba akasema. Zangu nilitia sahihi tu, nilichosoma ni mabamba.