Salamu Kwanza: Sista Mwongeli Maweu Anastaafu

Miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, kumi na mitano kati yake hapa kituoni kwetu Kitengela, inakamilika Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2006. Siku hiyo Sista Mwongeli Maweu, muuguzi wa magonjwa ya akili, anastaafu. Tukikosea jambo lolote humu, yumo ukumbini na atatusahihisha. Hajawahi kusita.

Alizaliwa Machakos, akasomea uuguzi, na baadaye magonjwa ya akili, jijini Nairobi. Alipofika hapa mwaka 1991 alipewa chumba cha nyuma chenye kibao kilichoandikwa "Wagonjwa wa Akili". Hakuna aliyekuja. Mji ulikuwa mdogo, na nani angependa kuonekana akibisha mlango ule? Sista alikiondoa kibao kwa mikono yake mwenyewe, akahamishia kliniki siku ya mnada wa mbuzi, kisha akawaketisha wagonjwa wake kwenye benchi moja na watu wa presha na akina mama walioleta watoto kuchanjwa. Mgonjwa akiulizwa alikokuwa, jibu lilikuwa tayari: mnadani.

Kosa lake la kwanza bado linawachekesha wazee wa Isinya. Mzee mmoja aliletwa na mwanawe, na Sista, kwa haraka ya kazi, akamwuliza moja kwa moja kama analala vizuri. Mzee akainuka. "Twende," akamwambia mwanawe. "Huyu hata ng'ombe hajauliza." Tangu siku hiyo Sista aliuliza habari za ng'ombe, mvua na watoto, hata za jirani, kabla ya kuuliza habari za mgonjwa. Ndipo alipogundua kwamba salamu yenyewe ni uchunguzi. Mfugaji asiyejua kama mbuzi wake wamezaa, wala hajali, huyo anahitaji kuangaliwa.

Lakini kazi yote ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Mwaka 2003 Sista alifanyiwa upasuaji wa mgongo, na kliniki ikafungwa miezi mitatu kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyefunzwa. Bwana Katoo, mfugaji anayechomwa sindano ya ugonjwa wa akili kila mwezi, na ambaye ameturuhusu tumtaje, alikuta mlango umefungwa. Alipougua tena, ndugu zake, kwa kukosa la kufanya, walimfunga kwa kamba ya ndama. Sista aliporudi na kuona alama za kamba mikononi mwa Katoo, hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba kliniki inayolala muuguzi akilala si kliniki.

Hakungoja wafanyakazi wapya waajiriwe. Alianza na waliopo: wauguzi wa zamu, akina mama wa kanisa, watoa huduma ya kwanza wa mashamba ya maua, hata mpiga mnada. Darasa likawa lile benchi. Kila mwanafunzi aliketi kati ya wagonjwa asubuhi nzima bila kalamu, akisalimu tu, kisha akaeleza ni nani aliyejibu tofauti na kawaida yake. Muuguzi Priscilla Naliaka, aliyekuwa akiogopa hata kuingia chumba kile, alirudishwa benchini mara kadhaa. "Umesalimu kama askari wa trafiki," aliambiwa. "Rudi." Alirudi mpaka akaweza. Leo ndiye anayeongoza kliniki.

Swali lililotukosesha raha mwaka huu lilikuwa moja: Sista akiondoka, je, Bwana Katoo ataukuta tena mlango umefungwa? Mwezi uliopita, siku ya mnada, Sista aliketi benchini, mikono ameikunja, akakataa kuinuka. Katoo akafika. Akamsalimu, wakaulizana habari za mifugo, kisha akampita na kuingia kwa Priscilla. Tuliosimama pale tulidhani Sista ameumia moyo. Wapi! Alikuwa akifuta machozi ya kicheko, huku akiagiza chai ya benchi zima.

Mnada ujao mlango utakuwa wazi, na ule utakaofuata pia. Asante, Sista, kwa kutufundisha mpaka tukaweza bila wewe. Tunakuombea mvua ya kutosha kule Machakos, mbuzi wanaozaa mapacha, na wajukuu wenye kelele.

Na usingizi mzuri. Hilo tumeliweka mwisho, kama ulivyotufundisha.