Karatasi za Ufa wa Marehemu Xue Gensheng

Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji wake wa mtama, Marehemu Xue Gensheng alichovya kidole ndani ya bakuli, akapaka ukuta, akabandika kipande cha karatasi juu ya ufa. Aliandika na tarehe. Karatasi ikichanika, ufa umekua.

"Mzee, uji ni wa kula, si wa kulisha ukuta," mkewe alimtania.

"Ukuta ukishiba, tutalala."

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kijijini Shiyao, mkoa wa Shanxi, mtoto wa tatu wa mchonga mawe. Alisoma madarasa manne tu, akatolewa kuchunga mbuzi.

Mwaka 1970 aliingia mgodini, akachimba makaa ya mawe miaka ishirini na tisa. Siku moja alirudi na bonge lenye alama ya jani, akalitunza. Baadaye aliwaonyesha wajukuu. "Huu ulikuwa msitu. Ulizama topeni kabla hajazaliwa mtu yeyote, ukagandamizwa mpaka ukawa jiwe. Tukiuchoma tunapata joto, lakini moshi uliolala humo miaka yote hiyo unaamka siku moja."

"Kwa hiyo babu, ni wewe unayeuamsha?"

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Alimwoa Bi. Ruan Cuihua tarehe 2 Februari 1975. Mfarishi wao mwekundu wa harusi ulianikwa uani asubuhi, ukaanuliwa jioni una rangi ya kunguru kwa vumbi la makaa.

Mwaka 1998 kundi lake liliamriwa kutoa nguzo za makaa zilizoachwa chini ya Shiyao ili zikibebe kijiji. Walizitoa. Mwaka uliofuata kisima kilikauka. Kisha zikaja nyufa. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama, yeye asiyependa kusema mbele za watu.

"Nguzo nilizitoa kwa mikono hii. Chini yetu ni pango. Tuhameni."

Jirani yake, Mzee Geng Fuhai, alimcheka. "Gensheng, wewe hata tundu la panya unaliogopa! Nyumba yangu ilijengwa na babu wa babu yangu."

"Basi sihami mpaka wewe uhame," Marehemu alimjibu.

Wengine walihama, wengine wakangoja. Tangu 2006 vumbi la makaa lilikuwa limemkaa mapafuni. Binti yake alimsihi akatibiwe mjini, akajibu, "Karatasi atabandika nani?"

Asubuhi ya tarehe 14 Novemba 2013 karatasi ilikuwa vipande viwili, katikati vidole viwili vinapita. Uji aliuacha. Aliwatoa mkewe na wajukuu hadi uwanja wa kupuria nafaka, akagonga mlango baada ya mlango, watu wakatoka na watoto mgongoni. Uwanjani waliwahesabu wazee. Geng hakuwepo.

Bi. Cuihua alimshika mkono wa koti. "Mapafu yako hayafiki hata pale kwenye kona!"

"Kufika yatafika."

Alivua koti, likabaki mkononi mwa mkewe, akaenda. Baada ya muda Mzee Geng alitokea, hana viatu, analia: "Amenisukuma! Amenisukuma mlangoni!" Nyuma yake ardhi ilikwishadidimia na nyumba, ikajifumba. Marehemu hakurudi.

Jenezani limo koti hilo, na bonge lenye jani. Ameacha mjane, Bi. Cuihua, binti, Yulan, mwana, Haiwang, wajukuu watatu, na Mzee Geng, aliyeomba jina lake liandikwe hapa.

Lala, Babu. Ardhi itulie chini yako.