Mzee Ladislas Nzeyimana, Aliyeitwa Mmormoni

Mzee Ladislas Nzeyimana alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 huko Rumonge, Burundi, mtoto wa tatu wa wakulima wa michikichi.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Rumonge, kisha akajifunza ushonaji Bujumbura na kuhitimu mwaka 1978. Mwalimu wake aliwahi kumtoa darasani kwa kubishania kola. Mwezi uliofuata mwalimu huyohuyo alimletea shati lake alirekebishe.

Tarehe 12 Mei 1984 alifunga ndoa na Mama Immaculée, wakajaliwa kaka yangu Gaël na mimi, Anaïs, ninayewasomea. Vita vilitutoa nyumbani mwaka 1996. Baada ya miaka ya kambini Tanzania tulifika Durban mwaka 2003, tukapanga Albert Park, naye akafungua duka la kushona Greyville.

Mwaka 2011 alibatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Ghafla jamii yetu, ambayo haijawahi kumaliza kitabu, ikajaa wanahistoria. Walikuja dukani bila nguo ya kushona.

“Papa Ladislas, munaoa bibi wangapi kule?”

“Mambo hayo kanisa liliyaacha tangu 1890. Mimi niko na Immaculée peke yake, na hata huyo sijamaliza kumsikiliza.”

“Na Mormoni, ni mungu wenu?”

Aliweka mkasi chini. “Tunaamini alikuwa nabii wa zamani aliyekusanya maandiko. Kitabu kikaitwa kwa jina lake, na watu wa kutucheka wakatubandika jina hilo. Kanisa lenyewe lilipoanzishwa kule Amerika, 1830, liliitwa Kanisa la Kristo, basi.”

Kesho yake walirudi na maswali yaleyale. Hawakutaka jibu. Walitaka kicheko, na hata hicho walikuwa wakiazimana.

Jumapili tarehe 3 Juni 2018, binti wa Gaël alipelekwa kanisani apewe jina na baraka. Kwao mtoto mchanga habatizwi. Wanaume husimama kumzunguka, mmoja akamtaja jina na kumwombea. Baba alikuwa amemshika tayari. Mdogo wake, Léonidas, aliingia na viatu vya matope, akamnyakua mtoto mikononi mwa Baba.

“Watamupa jina la maiti wa Amerika!” alipiga kelele. Alikuwa amesikia mahali kwamba kanisa hilo hubatiza watu kwa niaba ya wafu.

Léonidas hakuwahi kuuliza jina lenyewe. Gaël, aliyekuwa na akili ya kutosha kuuliza, alimwamini ba'mdogo, akamfuata nje. Akahamia Johannesburg na mkewe. Kwa miaka saba Baba hakumwona mjukuu wake, na wale wanahistoria walisema amekomeshwa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Mara tatu kwa wiki alisafishwa damu. Aliyempeleka kwa gari lake ni Ndugu Mwaura, Mkenya wa kanisani anayefundisha chuo. Watu wa damu yake walikuwa na shughuli.

Julai mwaka huu, 2025, Gaël alikuja hospitalini na binti yake. Mtoto alisogea kitandani.

“Babu, ulitaka kuniita nani?”

“Ineza. Kwetu ni wema. Mama yako ndiye alilichagua.”

“Lakini hilo ndilo jina langu!”

“Ndiyo, mama. Hakukuwa na lingine.”

Gaël alipiga magoti pale sakafuni. Baba alimwekea mkono kichwani, akamwambia, “Inuka, suruali itachafuka.” Alikuwa na moyo mkubwa. Mimi sikuurithi.

Alifariki Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Immaculée. Watoto, Gaël na Anaïs. Na mjukuu mmoja, Ineza. Ameacha pia mdogo wake, Léonidas, aliyekaa mstari wa mbele na ameomba kusema neno kwa niaba ya ukoo. Tumempa kiti. Neno hatukumpa.

Pumzika kwa amani, Baba. Hakuna atakayekuuliza tena.