Gavana Thackston na Kalamu ya Jumapili

...basi nilikuwa nawaambia habari za ng'ombe. Gavana Lemuel Thackston, ambaye kesho Jumatatu, tarehe 12 Januari 1874, saa sita mchana, anaacha kiti baada ya miaka sita, alikuwa kila kiangazi akimfunga ng'ombe wake kwenye majani ya uwanja wa bunge. Maseneta wakaja juu. Akawajibu, "Huyu anatoa maziwa. Ninyi wenzangu mnatoa nini?" Mimi Tabitha Grubb, mpishi wake, nilicheka mpaka nikaunguza mkate.

Alianza na ufundi wa mapipa, sheria akajisomea mwenyewe huku anachonga mbao. Vitani alikwenda na vidole kumi, akarudi na vinane. Shule ya watoto viziwi kajenga yeye, na minyororo gerezani kaivua yeye. Hayo makarani mnayajua. Lakini kuna moja mnalolinong'ona tu, na kesho kwenye karamu ya kumuaga, mkiwa mnakula nyama yangu ya nguruwe, nataka mlisome wazi kwenye karatasi hii.

Huyu baba alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli. Jumapili hashiki kalamu, hata barua ya mama yake hafungui. Miaka miwili iliyopita, Jumapili, akaja mama mmoja, Orpha Tindle, theluji mpaka magotini. Mwanawe ananyongwa kesho yake asubuhi, na majirani wote wanasema si yeye aliyeua. Gavana alimsikiliza, akamwamini. "Kalale, mama. Kesho alfajiri natia sahihi msamaha, naupeleka kwa waya wa telegrafu." Na kweli alfajiri akatia. Waya ulikuwa umekatika kwa barafu. Mtu wa farasi alifika maiti ya kijana imeshateremshwa kambani.

Siku ile alikaa jikoni kwangu kutwa nzima, koti havui, chakula hagusi. Tangu hapo mlango wa Jumapili ukawa wazi. Mchungaji akamsema mimbarini, wakulima wakamwita mpagani, na ndiyo maana uchaguzi wa juzi kashindwa. Msidanganyane kwamba ni mambo ya reli.

Leo ni Jumapili yake ya mwisho. Hapa naandika tunatazamana na Keziah Volk, ambaye mumewe ananyongwa Alhamisi kwa ushahidi wa mlevi mmoja. Gavana mpya ameshaapa mbele za watu kwamba hatamsamehe mtu. Wakubwa wa chama wako naye ndani tangu kanisa litoke, nawasikia: "Mwachie anayekuja, Lemuel! Unataka uondoke na matusi?" Karani naye kakataa kazi siku ya Bwana, kavaa kofia, kaenda zake.

Keziah ananiuliza, "Atakubali, dada?"

"Kunywa kahawa kwanza, mwenzangu. Unaiangalia kama dawa!"

Hanywi. Na mimi namchekesha hivi huku naandika, sikio liko mlangoni, mpiga chapa anisamehe herufi zangu.

Haya, nimalizie. Asante, Mheshimiwa, kwa kukaa nasi jikoni kama ndugu. Rudi salama kwenye mapipa yako, mgongo usikuume, usingizi uupate, na Mungu akupe miaka ming

Anaita. "Tabitha! Acha sufuria, njoo upesi! Nimeshatia sahihi, sheria inataka shahidi, na jina lako unajua kuliandika!"