Safu ya Dirishani: Maisha ya Fundi Redio

Assalaam alaykum, ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake marehemu, na wana wa Safu ya Dirishani mliotoka karibu na mbali. Familia imemtaka mdogo wake marehemu asome historia hii, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba asome na yale yasiyompendeza yeye mwenyewe, kwa kuwa marehemu hakupenda mambo yapakwe sukari. Upande wa kulia amesimama Fundi Cherehani, mkalimani wetu, mwanga ukimpiga usoni kama marehemu alivyokuwa akisisitiza, hivyo msomaji atakwenda polepole, na akijisahau akaenda mbio mtamwona Fundi Cherehani akimkata jicho.

Marehemu, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Fundi Redio, alizaliwa tarehe 21 Juni 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mlinda ghala na mkewe mshonaji. Mdogo wake anayewasomea ni wa tatu, walilala kitanda kimoja hadi marehemu alipotimiza miaka kumi na minne, na kwa muda wote huo aliyelala ukutani alikuwa marehemu, kwa sababu alishafika kwanza na hakuna aliyeweza kumhamisha. Ukaidi huo mtausikia tena.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, ile ya upande wa pili wa reli, akamaliza mwaka 1963, huku jioni akisoma chuoni, ambako alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi na mmoja na kupigwa na mwalimu siku hiyo hiyo kwa kufungua saa ya ukutani ya msikiti aone kinachoizungusha. Mwaka 1964 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea umeme mdogo kwa miaka mitatu, na tarehe 2 Januari 1967 aliajiriwa katika karakana ya vyombo vya umeme, ambako alidumu miaka mitano kabla ya kufungua duka lake mwenyewe, duka la upana wa mlango mmoja na nusu, baina ya kinyozi na muuza vioo, kaunta ikiwa ni meza ya zamani ya shule.

Tarehe 12 Mei 1973 alimuoa mwalimu wa hesabu, mjane wake aliyepo ndani sasa hivi pamoja na akina mama, na Mwenyezi Mungu akawaruzuku watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, waliozaliwa mwaka 1974, 1977 na 1982. Shemeji yetu anasema mumewe alimposa kwa kumtengenezea redio ambayo haikuwa mbovu, akakaa nayo wiki tatu ili amwone kila akija kuiulizia, na marehemu hakuwahi kukana.

Mwezi wa Aprili mwaka 1979, akiwa na miaka thelathini, marehemu alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akalala siku kumi na moja bila kujitambua, na siku ya kumi na mbili alifumbua macho, akamwona mkewe na mdogo wake wamesimama kando ya kitanda midomo ikienda, akauliza kwa sauti kubwa iliyowashtua wagonjwa wa wodi nzima, "Mbona mnanong'ona?" Hakuna aliyekuwa akinong'ona. Kuanzia siku hiyo hadi juzi, marehemu hakusikia sauti yoyote.

Watu walimshauri afunge duka, kwani kiziwi na redio wapi na wapi, lakini marehemu alipiga moyo konde, akarudi kazini mwezi wa Julai, akawa anafuata nyaya kwa kipimo na kumalizia kwa kuweka kiganja juu ya spika, akiusikiliza mtetemo kwa ngozi, kisha anamwuliza mteja kama ni habari au muziki, maana alikiri kwamba hapo kiganja chake kilikuwa hakijui tofauti. Wateja hawakupungua, waliongezeka, wengine wakileta redio nzima kabisa ili wajionee, na hao aliwatoza kama wenzao.

Kilichomuuma ni Ijumaa. Duka angeweza kuliendesha kwa kiganja, lakini hotuba ya Ijumaa haina spika ya kuwekea mkono, na kwa miaka sita alikaa msikitini akiutazama mdomo wa imamu ukifunguka na kufungwa, na akitoka nje humwandikia mdogo wake kwenye kipande cha karatasi, "Leo wamesema nini?" Mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa katibu wa msikiti na mtu wa haraka siku zote, humwandikia chini yake neno moja, mara "Subira", mara "Wazazi", mara "Zaka", akamrudishia na kwenda zake. Vipande hivyo vya karatasi vimekutwa juzi ndani ya kasha la redio kuukuu dukani, vimepangwa kwa tarehe, na aliyeyaandika majibu amevisoma vyote na roho imemsuta.

Mwaka 1985 aliingia dukani mwanamke mmoja na pasi ya umeme iliyoungua, akaweka pasi mezani bila kusema kitu, marehemu naye akamsogezea karatasi na penseli bila kusema kitu, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma, mpaka walipogundua kwamba wote wawili ni viziwi. Mama huyo, tuliyemzoea kwa jina la Mpiga Pasi, alizaliwa hivyo na alisomea lugha ya alama shuleni, na siku hiyo alimnyang'anya marehemu penseli, akaiweka nyuma ya sikio lake, akaanza kumfundisha. Mumewe ni Fundi Cherehani, ambaye anasikia vizuri, na alijifunza lugha hiyo kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, alichoka kugombana na mke asiyeelewa kuwa anagombezwa.

Sasa msomaji anafika pale alipoahidi kufika. Ijumaa ya tarehe 7 Februari 1986, marehemu aliketi msikitini na viziwi wenzake wanne aliojuana nao kupitia kwa Mpiga Pasi, na hotuba ikiendelea wakawa wanaulizana kwa mikono imamu amefika wapi, ndipo katibu wa msikiti alipoinuka nyuma, akapita katikati ya safu, akamshika kaka yake mikono yote miwili mbele ya watu, akaituliza mapajani kama anavyotulizwa mtoto, akaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze. Kumnyamazisha kiziwi ni jambo linalohitaji kipaji, na katibu huyo alikuwa nacho. Wiki iliyofuata akaandika na barua, kwa niaba ya kamati, kwamba kuzungumza wakati wa hotuba kunaharibu Ijumaa, na kwamba kuzungumza kwa mikono ni kuzungumza.

Marehemu aliisoma barua hiyo mara mbili, akaikunja vizuri, na mstari wa mwisho, ule wa mikono, ndio uliomfurahisha, kwani alisema kamati yenyewe imekiri kwa maandishi na muhuri kuwa lugha ya alama ni maneno, na kama ni maneno basi hotuba inaweza kutolewa kwayo. Jumapili ya tarehe 9 Machi 1986, saa nane mchana, watu wanane walikutana katika duka lile la mlango mmoja na nusu, wengine wamekaa juu ya makasha ya redio, Mpiga Pasi kwenye kiti pekee kilichokuwa na miguu minne, wakaunda jumuiya, wakaandika katiba ya ukurasa mmoja yenye lengo moja, nalo linasomwa hapa kama lilivyo: "Asitoke Muislamu msikitini bila kujua alichoambiwa." Mmoja wao, seremala, alitaka yaongezwe malengo mengine manne ili katiba ipendeze, marehemu akamwambia waanze kulitimiza hilo moja kwanza.

Kwa kuwa ndani walikatazwa, waliangalia nje. Ukuta wa kulia wa msikiti una dirisha kubwa linaloangalia uani, na kila Ijumaa marehemu na wenzake walikuwa wakiwahi kabla ya wote, wakakaa safu ya dirishani, huku Fundi Cherehani akisimama uani, juani, mbele ya dirisha, akisikiliza kipaza sauti na kuitafsiri hotuba kwa mikono, na hakuna kanuni ya kamati iliyotaja mikono iliyo nje. Mpiga Pasi naye alikaa na wanawake wenzake kwenye baraza ya uani, mahali anapomwona mumewe vizuri, akimsahihisha kwa ishara kila alipokosea, na inasemekana alikosea mara nyingi.

Walifanya hivyo kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Marehemu hakuomba tena ruhusa, hakumnunia mdogo wake, wala hakumpa amani, kwani kila Ijumaa baada ya sala alimsubiri mlangoni na karatasi yenye swali lile lile, "Leo wamesema nini?", na sasa mambo yaligeuka, kwa sababu marehemu jibu alikuwa nalo, na katibu, aliyezoea kusinzia hotuba ikifika katikati, mara nyingi hakuwa nalo.

Ijumaa ya tarehe 4 Novemba 1988 mvua kubwa ilishuka hotuba ikiwa imeanza tu, watu wa uani wakakimbilia barazani, lakini Fundi Cherehani alibaki pale pale dirishani, kanzu imemganda mwilini, maji yakimchuruzika viwikoni, mikono ikiendelea. Imamu aliyekuwa akihutubu, ambaye leo naye ni marehemu, aligeuka upande wa dirisha, akamtazama, kisha akasema katika kipaza sauti, "Fundi, ingia ndani bwana, hotuba haijaisha." Fundi Cherehani kabla hajasogea akaitafsiri kwanza hiyo amri kwa mikono, maana kazi ni kazi, na safu nzima ya dirishani ikacheka msikitini bila sauti. Aliyesogea kumpisha mahali pa kusimama alikuwa katibu, ambaye jioni ile alikwenda dukani, akakaa juu ya kasha, akaomba radhi, na marehemu akampa somo lake la kwanza la alama. Alikuwa mwanafunzi mzito, na ni mzito hadi leo.

Jumuiya iliyoanzia kwenye makasha ya redio leo ina safu zake katika misikiti kumi na mmoja, na baada ya lengo la kwanza kutimia, seremala aliruhusiwa kuongeza mengine, hivyo bibi harusi kiziwi sasa huulizwa ridhaa yake kwa lugha yake na hujibu mwenyewe, mgonjwa kiziwi hupata wa kumfikishia maneno ya daktari, na upande wa wanawake una mkalimani wake, binti mkubwa wa marehemu, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1996 chini ya usimamizi mkali wa Mpiga Pasi.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi wa Agosti mwaka 2016, akatibiwa kwa miaka miwili, akiendelea kufungua duka kila alipopata nguvu, na tarehe 28 Septemba mwaka huu wa 2018 alilazwa wodi namba nne, ambako aliomba kitanda cha dirishani na akapewa. Jumanne ya tarehe 9 Oktoba, saa tano asubuhi, pumzi zilipoanza kupishana, mdogo wake aliinama, akaweka mdomo sikioni kwa kaka yake, akaanza kumtamkisha shahada kama alivyoona ikifanywa kwa baba yao na mama yao. Miaka thelathini na miwili ya jumuiya, na katibu analisomea sikio. Marehemu alifumbua jicho moja, akaona kinachofanyika, tumbo likamtikisika kwa kicheko.

Mdogo wake akasimama mbele yake, mwanga usoni, akaanza upya kwa mikono. Akakosea alama ya pili, na marehemu, ambaye tangu alfajiri hakuwa ameinua hata kijiko, aliunyanyua mkono wake, akamshika mdogo wake vidole, akavinyoosha vikae sawa, akamwachia, akamsubiri arudie. Alirudia. Marehemu akajibu kwa kidole chake cha shahada, kikiwa kimesimama wima, na kikabaki hivyo mpaka mjane wake alipokilaza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa muuguzi aliyejifunza alama kumi na mbili ili amwulize maumivu yako wapi, inawashukuru majirani, kinyozi na muuza vioo waliofunga maduka yao siku mbili, mafundi wenzake, maimamu, na wana wote wa Safu ya Dirishani. Kwenye karatasi hii umebaki mstari mmoja, "Pumzika kwa amani, kaka," na Fundi Cherehani anaombwa aishushe mikono yake, apumzike kidogo, kwa kuwa mstari huo hautahitaji mkalimani. Msomaji anaiweka karatasi chini, maana anaihitaji mikono yote miwili.