Raheli Kitundu na Kigae cha Jani la Boga

Mchungaji, wazee, majirani wa Mandewa, na ninyi mliotoka Nduguti kwa basi la alfajiri, mimi ni Hosea, mdogo wake marehemu, familia imenikabidhi niwasomee maisha ya dada yetu, nami naomba mnivumilie, maana nitakayosema si yote yamo katika karatasi hii niliyopewa na watoto wake.

Raheli Kitundu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Nduguti, mtoto wa kwanza kati ya wanne, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na ufinyanzi akafundishwa na bibi yetu, kukanda udongo, kuukausha kivulini, na kugonga chungu kwa kidole ili kusikia kama kina ufa.

Mwaka 1982 alihamia Singida Mjini kufundisha ufinyanzi katika kituo cha kina mama, na tarehe 8 Septemba 1984 akafunga ndoa na Philipo Msengi, fundi seremala, aliyetangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto watatu, Ritha, Melkiori na Aneth. Mwaka 1991 alijenga tanuri nyuma ya nyumba yake hapa Mandewa, akaanza vile vigae ambavyo wengi wenu mnavyo ukutani, alichuma jani bustanini, la mrehani, la mlenda au la boga, akalikandamiza kwenye udongo mbichi, moto ukala jani na mishipa yake ikabaki. Alikuwa mkali kweli kweli, jani lisilo na hata tundu la mdudu alilitupa, akisema hilo bado halijaishi.

Kuhusu Aneth, karatasi inasema tu kwamba alifariki tarehe 17 Aprili 2003, akiwa na miaka sita. Mimi nilikuwapo. Homa ya mtoto ilikuwa imetulia asubuhi, Philipo alikuwa safarini Manyoni, dada alikuwa amewasha tanuri, na moto wa vigae hauachwi, ukiachwa vyote vinapasuka, basi akaniambia nimwangalie mtoto. Saa nane mchana Aneth akakata roho mikononi mwangu. Nilikwenda hadi tanurini, neno lenyewe likanishinda, nikasema Aneth amelala, kama tunavyowasemea wafu wetu, naye dada akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwamba homa imeshuka, akaniomba nisimwamshe. Sikumsahihisha. Nilisimama pale kwa muda wa saa tatu nikimpa kuni, mpaka akamaliza, akanawa uso, akapitia jikoni kuchukua uji wa mtoto.

Tanuri lilipofunguliwa baada ya mazishi, kigae kimoja cha jani la boga kilikuwa na alama ya kiganja kidogo pembeni, Aneth alikuwa amekibonyeza udongo ukiwa mbichi, mama yake asijue. Ndicho kilichopo sebuleni, na mliokesha hapa mmekisikia kikilia, ti, ti, baridi ikiingia, mafundi watawaambia ni rangi ya juu inapasuka, lakini mimi miaka ishirini na miwili sijaweza kukaa nacho chumba kimoja. Tangu siku ile hakuna aliyeruhusiwa kusema "amelala" katika nyumba hii, mgeni akiulizia watoto alijibiwa wako kitandani.

Mwezi Juni mwaka huu dada alianza kuumwa kifua, tarehe 2 Novemba akalazwa hospitali, na Jumapili ya tarehe 9 nilipompelekea uji aliniuliza kama siku ile ya Aneth nilikuwa najua. Nikamwambia sikujua, nilidhani mtoto ana usingizi. Alinitazama sana, akasema sawa, mdogo wangu, akageukia ukutani. Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, alifariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake wa kituo, wanafunzi wake waliochuma majani yote yaliyo juu ya jeneza hili, na majirani waliopika na kukesha nasi.

Mwishoni watoto waliandika kwamba mama yao amelala. Nimelifuta neno hilo kwa kalamu. Dada, Aneth alikuwa amekufa, nilijua, nikakuacha uchochee moto. Na wewe umekufa, nalisema mbele ya watu wote, nikiwa nimechelewa siku mbili tangu Jumanne.

Pumzika kwa amani.